KUPOA SI KUPONA: DAWA ZA SARATANI NA VIRUSI VYA INI VILIVYOLALA

Na mwanachama wa Kidato cha Nne



Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili, visa vya kuchekesha na maelezo ya methali. Hayo yote ni matamu na mimi huwa wa kwanza kuyasoma. Lakini mwaka huu mlezi wetu aliniomba nitoe somo la sayansi kwa lugha yetu wenyewe, ili tuwajibu wale wanaosema ati Kiswahili ni cha sokoni na cha nyimbo tu, kikifika maabara kinakwama. Nikakubali. Somo lenyewe nililitoa kwanza kwa mdomo katika kikao cha muhula wa pili, na maswali mliyoniuliza siku hiyo yamenisaidia kuliandika.

Mada ni hii: jinsi dawa za kutibu saratani zinavyoweza kuamsha virusi vya homa ya ini aina ya B, vilivyokuwa vimelala mwilini mwa mgonjwa kwa miaka na mikaka. Usikimbie, msomaji. Si lazima uwe bingwa wa Biolojia. Tutakwenda polepole, hatua kwa hatua.

1. TUANZE NA MANENO

Sisi ni chama cha lugha, kwa hivyo tuanze na lugha. Mtu akigeuka manjano machoni, mitaani husemwa kuwa ana "homa ya manjano". Hapo ndipo tunapochanganya mambo. Homa ya manjano ni ugonjwa unaoenezwa na mbu, na virusi vyake ni vingine kabisa. Umanjano wa macho ni dalili tu. Unatuambia kuwa rangi ya nyongo imezidi katika damu, aghalabu kwa sababu ini limeshindwa na kazi yake. Na ini laweza kushindwa kwa sababu nyingi: pombe, dawa fulani, au sumu ya kuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, kama ilivyotokea Ukambani mwaka wa 2004. Laweza pia kushindwa kwa sababu ya virusi.

Ini likivimba kwa kushambuliwa na virusi, twasema mtu ana homa ya ini, au hepatitisi. Virusi vinavyojulikana zaidi ni vya aina tano: A, B, C, D na E. Aina ya A na ya E huletwa hasa na maji na chakula kichafu, nazo kwa kawaida hupita zikaisha. Leo hatuna haja nazo. Tunayemtafuta ni B.

Kuna jozi nyingine ya maneno ninayoomba uishike mpaka mwisho wa somo: kupoa na kupona. Chai hupoa, jiko hupoa, hasira hupoa. Lakini jiko lililopoa juu laweza kuwa na makaa mekundu chini ya jivu. Wanaopika kwa kuni wanalijua hili vizuri. Jioni mama hufukia moto kwa jivu, na alfajiri akipuliza kidogo tu, moto unawaka tena bila kiberiti. Kupona ni jambo lingine. Kupona ni kwamba makaa yenyewe hayapo tena. Somo langu lote limo katika maneno hayo mawili.

2. MGENI ASIYEAGA

Virusi vya B viligunduliwa kwa njia ya ajabu. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa Marekani Baruch Blumberg alikuwa akichunguza tofauti za damu za watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia alikuta protini ambayo hakuitarajia. Alitangaza matokeo hayo mwaka wa 1965, na baadaye ikabainika kuwa protini ile ni sehemu ya ganda la virusi vya homa ya ini. Mwaka wa 1976 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Siku ya Homa ya Ini Duniani huadhimishwa tarehe 28 Julai kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa.

Virusi hivi ni vidogo mno. Maandishi yote ya urithi wao ni herufi kama 3,200 tu, ilhali ya binadamu ni kama bilioni 3. Lakini udogo si hoja. Vikiingia katika seli ya ini, huenda moja kwa moja hadi kwenye kiini cha seli, na hapo huacha duara dogo la DNA. Duara hilo ndilo kigezo ambacho virusi vipya hunakiliwa kwacho. Ukipenda, liite kalibu ya fundi: maadamu kalibu ipo, matofali yatafyatuliwa tena siku yoyote fundi atakapopata nafasi. Hadi leo hakuna dawa inayoweza kuifuta kalibu hiyo kwa uhakika.

Virusi vya B huambukizwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili: kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kati ya watoto wadogo wenye vidonda na michubuko, kwa kujamiiana, kwa sindano na kwa nyembe zinazotumiwa na wengi. Vyaweza kukaa hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Havienezwi kwa kusalimiana, kukumbatiana wala kula pamoja.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 kati ya kila 100. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, mambo hugeuka: kati ya watoto 100, kama 95 hubaki na virusi hivyo maishani. Kinga ya mtoto bado haijajua nani rafiki na nani adui, kwa hivyo inamzoea mgeni na kumwachia chumba.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi duniani, milioni 65 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika. Na kati ya kila watu 100 wenye virusi hivyo, ni 13 tu waliokuwa wamepimwa wakajua. Waliosalia walikuwa wakilima, wakifundisha, wakiendesha matatu, hawana habari. Kweli simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

3. ASKARI NA MFUNGWA

Mbona basi watu hao hawaugui? Kwa sababu kinga ya mwili huwa imewatia virusi kizuizini. Askari wa mwili ni seli nyeupe za damu. Kuna kikosi kinachotambua seli zilizoambukizwa na kuziua, na kuna kikosi kinachotengeneza kingamwili, yaani silaha za protini zinazokamata virusi vinapotoka nje ya seli.

Vikosi hivi vikiwa macho, virusi hupungua katika damu, pengine hata ganda lao lisionekane kwenye kipimo. Mtu huambiwa amepona. Lakini zile kalibu zimebaki ndani ya seli za ini. Kwa hiyo tuna watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale ambao ganda la virusi bado linaonekana katika damu yao. Wa pili ni wale ambao ganda limetoweka, na kilichosalia ni alama tu kwamba waliwahi kuambukizwa. Wote wawili wamepoa. Lakini mfungwa yumo ndani, anasikiliza kama askari wamesinzia.

4. DAWA ZA SARATANI ZINAFANYA NINI?

Saratani ni seli za mwili wenyewe zilizokataa amri, zinazogawanyika ovyo ovyo bila kipimo. Dawa za kemotherapi nyingi hufanya kazi kwa kuua seli zinazogawanyika upesi. Shida ni kwamba dawa hizo hazina macho. Seli za mizizi ya nywele nazo hugawanyika upesi, ndiyo maana nywele hunyonyoka. Seli za utumbo vilevile, ndiyo maana mgonjwa hutapika na kuharisha. Na uboho wa mifupa, kiwanda cha seli nyeupe, nao hupigwa. Askari hupungua. Paka akiondoka, panya hutawala.

Kuna mambo mawili ya kuongeza hapa, na nawaomba wanafunzi wa Biolojia wayatilie maanani.

La kwanza ni steroidi, kama vile prednisoloni, ambazo huchanganywa na dawa za saratani za damu na za tezi. Steroidi huwalaza askari, lakini si hilo tu. Katika DNA ya virusi vya B kuna sehemu inayoitikia steroidi na kuongeza kasi ya kuzaliana kwa virusi. Yaani dawa moja humfunga mlinzi mikono na papo hapo ikampa mwizi chakula. Utafiti uliofanywa Taiwan na kuchapishwa mwaka wa 2003 ulilinganisha wagonjwa 50 wa saratani ya tezi waliokuwa na virusi hivi. Katika kundi lililopewa kemotherapi pamoja na steroidi, virusi viliamka kwa kiasi cha asilimia 73 katika miezi 9. Katika kundi lisilopewa steroidi ilikuwa asilimia 38.

La pili ni dawa iitwayo rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1997. Hii inalenga shabaha. Huzishika seli nyeupe za kikosi cha kingamwili na kuziangamiza, na ni msaada mkubwa kwa wagonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi. Lakini kikosi hicho kikiisha huchukua miezi mingi kurudi. Kwa sababu hiyo rituksimabu inaweza kuamsha virusi hata kwa mtu wa namna ya pili, yule ambaye ganda la virusi lilikuwa limetoweka kabisa. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2013 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru onyo kali juu ya jambo hili liwekwe katika maelezo ya dawa hiyo. Kumetokea visa vya virusi kuamka hata miezi 24 baada ya dawa ya mwisho.

5. HATARI HUJA ASKARI WANAPORUDI

Hapa ndipo wengi wenu mlipoinua mikono siku ile ya kikao, kwa hivyo nitaeleza kinagaubaga.

Mtu angedhani kuwa ini huharibika wakati kinga iko chini. Kumbe sivyo. Virusi vya B vyenyewe haviui seli ya ini kwa haraka. Huzaliana tu ndani yake. Wakati askari hawapo, virusi hujaa ini zima kimyakimya, na mgonjwa hasikii lolote. Kipimo cha damu pekee ndicho kingeonyesha kuwa DNA ya virusi imepanda.

Kisha dawa husimamishwa, ama kwa kupumzika kati ya awamu moja na nyingine, ama kwa sababu matibabu yamekwisha. Uboho hupata nguvu, seli nyeupe hurudi kwa wingi. Zinakuta nini? Zinakuta ini zima limevamiwa. Zinaanza kuua kila seli iliyoambukizwa. Sasa ndipo mgonjwa anachoka, anakosa hamu ya kula, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yanageuka manjano. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia, na nyasi hapa ni ini. Likizidiwa kabisa, mgonjwa hufariki dunia, tena pengine wakati saratani yenyewe imeshaanza kushindwa.

Isitoshe, kuna hasara ya pili. Ini likiwaka moto, daktari hulazimika kuahirisha awamu zinazofuata, na saratani hupata mwanya wa kukua. Fauka ya hayo, dawa za saratani zenyewe zaweza kulidhuru ini, basi ni rahisi kudhani kuwa umanjano umeletwa na dawa tu, na virusi visitafutwe.

6. USHAHIDI KUTOKA HONG KONG

Nimechagua Hong Kong kwa sababu ndiko jambo hili lilikochunguzwa kwa makini. Zamani watu wazima wengi wa huko walikuwa wameambukizwa wakiwa watoto, kabla ya chanjo kuanza kutolewa kwa watoto wachanga wote mwaka wa 1988. Ugonjwa uliochunguzwa ni limfoma, na limfoma si ugeni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka wa 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, ndiye aliyeeleza uvimbe wa taya za watoto ambao hadi leo huitwa kwa jina lake, na ambao ni aina ya limfoma.

Madaktari wa Marekani walikuwa wamekwisha kuandika juu ya virusi kuamka kufikia mwaka wa 1975. Lakini mwaka wa 1991 Anna Lok na wenzake walichapisha hesabu kamili. Waliwafuata wagonjwa 100 wa limfoma waliokuwa wakitibiwa Hong Kong. Kati yao 27 walikuwa na ganda la virusi katika damu. Katika hao 27, virusi viliamka kwa wagonjwa 13. Hiyo ni karibu nusu! Na hata kati ya wale waliokuwa na alama za zamani tu, wachache waliamkiwa.

Mwaka wa 2003, George Lau na wenzake, huko huko Hong Kong, walichapisha jibu. Waliwachukua wagonjwa 30 wa limfoma wenye ganda la virusi na kuwagawa makundi mawili kwa bahati nasibu, 15 huku na 15 kule. Kundi la kwanza lilianza kumeza kidonge cha lamivudini, kinachozuia virusi kujinakili, kabla ya kemotherapi kuanza. Kundi la pili lilipewa kidonge hicho pale tu virusi vilipoonekana kuamka. Matokeo? Katika kundi la kungoja, virusi viliamka kwa wagonjwa 8 kati ya 15. Katika kundi lililotangulia, havikuamka hata kwa mmoja.

Hebu rudia kusoma hesabu hizo. Nane kwa sufuri. Dawa ni ile ile, hospitali ni zile zile, ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni siku ya kuanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na kwa wagonjwa hawa ukuta wenyewe ni ini.

7. VIPIMO NA KIDONGE

Kabla ya dawa za saratani kuanza, damu hupimwa mambo haya:

(a) Ganda la virusi. Kwenye karatasi za maabara huandikwa HBsAg. Likionekana, virusi vipo mwilini, hata kama mtu anajisikia mzima kama chuma.

(b) Kingamwili dhidi ya kiini cha virusi. Hizi ni nyayo za mwizi. Zikionekana, mtu aliwahi kuambukizwa, hata kama ganda halipo tena.

(c) Kingamwili dhidi ya ganda. Hizi zaweza kutokana na chanjo, au na mtu kuvishinda virusi mwenyewe.

Mwaka wa 2020 Chama cha Madaktari wa Saratani cha Marekani kilishauri kuwa kila mgonjwa anayeanza dawa za saratani zinazosambaa mwilini apimwe yote matatu, tena matibabu yasicheleweshwe kwa kungoja majibu. Mwenye ganda hupewa kidonge cha kinga, na huendelea kukimeza kwa angalau miezi 12 baada ya dawa ya mwisho ya saratani. Mwenye nyayo tu hufuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara, na akipewa dawa kama rituksimabu, naye hupewa kidonge.

Lamivudini siku hizi imewaachia nafasi ndugu zake, entekaviri na tenofoviri, kwa kuwa virusi huizoea upesi. Tenofoviri si jina geni Kenya. Ni mojawapo ya dawa zinazotumiwa dhidi ya virusi vya UKIMWI. Sababu ni kwamba virusi vyote viwili hutumia hila inayofanana katika kujinakili, na kidonge huivuruga hila hiyo. Lakini kumbuka: kidonge humzuia fundi asifyatue matofali, hakivunji kalibu.

8. MASWALI MLIYONIULIZA

"Basi si afadhali mgonjwa akatae dawa za saratani?" La hasha! Saratani isiyotibiwa huua. Dawa hizi zimeokoa watu wengi sana. Ninachosema ni kwamba mlango ufungwe kabla ya mlinzi kupewa likizo.

"Ni dawa za saratani tu zinazoamsha virusi hivi?" Hapana. Dawa za watu waliopandikizwa figo, steroidi nyingi kwa muda mrefu, na baadhi ya dawa za baridi yabisi zaweza kufanya hivyo. Hata vidonge vinavyoponya homa ya ini ya C vimewahi kuamsha ya B, kwa wenye zote mbili, na Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo mwaka wa 2016.

"Aliye na virusi hivi tumtenge?" Kwa sababu gani? Kula naye, cheza naye, keti naye dawati moja. Usichangie naye wembe wala mswaki, ambavyo hata hivyo hupaswi kuchangia na mtu yeyote.

Swali la mwisho sikuulizwa kikaoni. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alinivuta kando tulipokuwa tukitoka. Ameniruhusu nilieleze bila kumtaja jina. Mamake alimaliza dawa za mshipani miezi mitatu iliyokuwa imepita. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, amenenepa kidogo, ameanza kwenda shambani. Lakini bado alikuwa na kidonge cha kila siku. Jamaa walikuwa wakisema, "Si ameshapona? Hicho cha nini tena? Nauli ya kwenda kukichukua ni ya nani?" Naye akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, mama anaweza kukiacha?"

Nilimwambia kuwa mimi si daktari, na kwamba jambo kama hilo huamuliwa na daktari aliyeona vipimo vya mama. Lakini nilimweleza mnachosoma hapa. Nywele zikirudi, ni ishara kuwa seli zinazogawanyika upesi zimerudi, na askari nao wanarudi. Huo si wakati wa kulegeza mlango. Ndio wakati kidonge kinapofanya kazi yake kubwa, kwa sababu kikiachwa ghafla, virusi vyaweza kuzaliana na kukuta askari wako tayari kulishambulia ini. Jamaa wanaona mama amepona. Kwa upande wa virusi vya ini, mama amepoa.

Tuliandika pamoja maswali mawili kwenye karatasi ya daftari: "Kidonge hiki ni cha ini? Nitakimeza hadi lini, na nitapimwa damu lini tena?" Akaenda nayo nyumbani likizo fupi, akampa mamake aipeleke kliniki.

9. YANATUHUSU NINI SISI?

Wengine mtasema, haya ni ya wazee na wagonjwa, sisi wanafunzi yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kenya ilianza kuwapa watoto wote chanjo ya homa ya ini ya B mwaka wa 2001, ikiwa ndani ya ile chanjo ya magonjwa matano inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wengi wetu tulidungwa kabla hatujajua kulia kwa sauti. Lakini wazazi wetu walizaliwa kabla ya mwaka huo. Babu na nyanya zetu vilevile. Wao walikuwa watoto wakati hakuna chanjo, na utotoni ndiko virusi hivi huingia na kukaa. Na umri wao ndio umri ambao saratani hubisha hodi zaidi.

Kwa hivyo katika nyumba nyingi za Kenya, mwenye kinga ni mtoto, na aliye hatarini ni mzazi. Na mara nyingi mtoto ndiye anayesoma karatasi za hospitali na kuzifafanua. Ikitokea jamaa yako ameambiwa aanze dawa za saratani, usiogope kuuliza kwa adabu: "Daktari, amepimwa homa ya ini ya B?" Ni swali la maneno machache. Halimdharau daktari wala halimtii mgonjwa hofu. Nimeliandika kwa Kiswahili kwa makusudi, ili nyanya yako pia aweze kuliuliza.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. 

MSAMIATI

Kalibu: kiunzi cha kutolea umbo, kama cha matofali.
Kingamwili: protini zinazotengenezwa na mwili kukamata vijidudu.
Limfoma: saratani inayoanzia katika seli nyeupe, hasa kwenye tezi.
Nyongo: majimaji machungu yanayotengenezwa na ini.
Uboho: ute ulio ndani ya mifupa, ambamo seli za damu hutengenezwa.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya homa ya manjano na umanjano wa macho.
2. "Ini huharibika askari wanaporudi." Fafanua kauli hii.
3. Kwa nini mtu ambaye ganda la virusi limetoweka katika damu yake bado yumo hatarini?
4. Ukitumia hesabu za utafiti wa Hong Kong wa 2003, mshawishi jamaa anayeona kuwa kupima ini kabla ya matibabu ni kupoteza pesa.
5. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya maana kati ya kupoa na kupona.